Jinsi ya kupata £7,500 za kufunga pampu ya joto, England na Wales

Mama mdogo anakaa Leicester, na msimu huu ameachana na boila ya gesi, akafungiwa pampu ya joto: mashine ya umeme inayovuta joto kutoka nje na kulitumia kupasha nyumba na maji. Makaratasi yake niliyashughulikia mimi mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo naandika hapa kwa ajili ya yeyote anayetaka kufuata. Walio Scotland wana mpango wao tofauti.

Huu wa kwetu unaitwa Boiler Upgrade Scheme, ni ruzuku ya serikali inayosimamiwa na Ofgem, wasimamizi wa soko la nishati. Ulianza 2022 kwa £5,000 kwa pampu ya hewa (inayovuta joto kwenye hewa ya nje), ukapanda hadi £7,500 Oktoba 2023. Pesa haziingii benki kwako. Fundi ndiye anayeomba, kisha anazikata kwenye bei yake.

Hatua ya 1: Nyumba. Iwe yako, hata kama umeipangisha. Cheti cha EPC, kinachoonyesha nyumba inatumia nishati vizuri kiasi gani, kisiwe kimepitisha miaka 10. Sharti la kuziba dari na kuta kwanza kwa vitu vya kuzuia joto liliondolewa Mei 2024, lakini mimi nasema ziba dari tu, joto lisipotee bure.

Hatua ya 2: Fundi. Lazima awe na cheti cha MCS, kinachothibitisha mafundi wa mitambo ya aina hii. Chukua bei kwa watu watatu. Anayekutajia bei kwa simu bila kukanyaga nyumbani, achana naye. Aliyetufungia sisi alishinda asubuhi nzima na futi mkononi, chumba kwa chumba, akipima madirisha na kugonga kuta asikie kama zina uwazi ndani, ndipo akasema rediata mbili zibadilishwe. Muulize maji yatakwenda kwenye rediata kwa nyuzi ngapi. Akisema 45 badala ya 55, huyo ndiye wangu: maji yakiwa na moto mdogo, pampu inakula umeme kidogo. Kama boila yako ni kombi, yaani inachemsha maji papo hapo bila tangi, tafuta mapema pa kuweka tangi la maji moto.

Hatua ya 3: Idhini. Hapa ndipo tulipokwama. Fundi akishaomba, Ofgem wanamwandikia mwenye nyumba barua pepe athibitishe kwamba kweli amekubali. Una siku 14 tu. Kwa kuwa mama mdogo hapendi mambo ya kompyuta, tulijaza anwani ya mwanawe. Kijana alikuwa Zanzibar harusini, barua ikaangukia kwenye taka, akaiona siku ya 16. Ombi likafa, tukaanza upya, na fundi alikuwa ameshampa mtu mwingine nafasi yetu.

Kwa hiyo: mfungulie mzee barua pepe yake mwenyewe, iwe kwenye simu anayoishika kila siku. Usikubali fundi aweke ya kwake. Mwambie akujulishe siku anayotuma ombi, uhesabu kuanzia hapo, na kila jioni utazame hadi kwenye folda ya taka. Nyumba ikiwa ya watu wawili, mkubaliane kabla nani atajibu. Na uchunge matapeli: kiungo kikikudai namba ya kadi ya benki, kifute.

Hatua ya 4: Vocha, yaani hati ya Ofgem inayomwekea fundi pesa hizo. Ya pampu ya hewa inadumu miezi 3, ya pampu inayovuta joto ardhini 6. Mimi siruhusu nyundo igonge ukuta kabla haijatoka.

Hatua ya 5: Ankara. Uone £7,500 zimekatwa, na VAT iwe sifuri; nafuu hiyo ipo hadi 31 Machi 2027. Yetu ilikuja na asilimia 20. Tulimpigia fundi, akaisahihisha siku ileile.