Ukija likizo Dodoma, rudi na saa zako za mafunzo

Mwaka mmoja nilipokuja likizo nilihudhuria semina ya siku mbili hapa Dodoma, kuhusu udongo unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi. Ilikuwa semina nzuri sana. Nilirudi Houston, Texas, na begi la semina, kalamu, na picha ya pamoja. Miezi michache baadaye bodi ya leseni za wahandisi ya Texas ikanichagua kwa ukaguzi: tuonyeshe saa zako 15 za mafunzo. Saa 12 kati ya hizo zilikuwa za Dodoma, na sikuwa na karatasi hata moja inayotaja saa. Cheti kiliandika tu kwamba nimeshiriki. Nilihangaika na simu wiki tatu nzima mpaka waandaaji wakanitumia barua yenye muhuri.

Ndiyo maana nawaandikia wahandisi wenzangu mlioko nje, hasa mnaojiandaa kuja nyumbani Desemba. Mafunzo endelevu ya kitaaluma, hii CPD tunayoilalamikia, unaweza kuyafanyia nyumbani. Kinachotuangusha ni kumbukumbu za maandishi.

Kwanza jua leseni yako inadai nini, maana hata ndani ya Marekani kila jimbo lina lake. Texas ni saa 15 kwa mwaka, angalau moja iwe ya maadili ya taaluma, na kipindi cha dakika 50 kinahesabika kuwa saa. Florida ni saa 18 kwa miaka miwili. New York ni 36 kwa miaka mitatu, na kozi lazima itolewe na mwandaaji anayetambuliwa na jimbo, kwa hiyo wa New York ulizeni kabla ya kulipia chochote huku. California haiwadai wahandisi saa zozote. Texas yenyewe haiidhinishi kozi mapema. Inakuachia wewe uamue kama inahusiana na kazi yako, kisha siku ya ukaguzi inakutaka uthibitishe. Huo ni uhuru wenye mzigo.

Uingereza ni tofauti. Baraza la Uhandisi halijaweka idadi ya saa, ila tangu Januari 2019 anayeombwa kumbukumbu zake za mafunzo mara kwa mara na kukaa kimya anaweza kuondolewa kwenye daftari la wahandisi waliosajiliwa. Wauguzi wetu walioko huko wanadaiwa saa 35 kila miaka mitatu, na 20 kati ya hizo ziwe za kujifunza pamoja na wengine. Kwao pia semina ya nyumbani ina thamani.

Sasa ukiwa huku. Usiondoke ukumbini bila karatasi yenye mambo haya: jina lako kama lilivyo kwenye leseni, mada, tarehe na mahali, jina la mtoa mada, mwandaaji, na idadi ya saa. Hilo la mwisho ndilo husahaulika. Omba siku ya kwanza asubuhi, wakati wa kusaini mahudhurio, kwa upole tu: "Samahani dada, naomba cheti changu kiandikwe saa." Ikishindikana, chukua ratiba na uombe igongwe muhuri. Kama cheti ni cha Kiswahili, andika tafsiri fupi na uiambatanishe. Piga picha siku hiyohiyo, maana Texas inataka utunze kumbukumbu miaka mitatu.

Kupanda treni ya SGR kutoka Dar na kutazama madaraja hakuhesabiki. Ziara iliyoandaliwa, mhandisi wa mradi akieleza na majina yakiandikwa, inaweza kuhesabika. Na ukialikwa kufundisha vijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) au wahandisi wa halmashauri, kubali! Kufundisha mada kwa mara ya kwanza nako kuna saa zake, na vijana wanahitaji ulichojifunza huko.

Ukibakiwa na saa za mtandaoni, angalia saa yako vizuri. Saa sita mchana ya Houston mwezi Desemba ni saa tatu usiku hapa. Tafuta intaneti ya uhakika mapema.

Jambo la mwisho linaniuma zaidi. Wengi wetu tumesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi ya Tanzania (ERB) chini ya Sheria Namba 15 ya 1997, kisha tukaondoka na kuacha usajili ulale. Hakuna anayehamisha saa zako za Houston kuzileta huku kwa niaba yako. Ada ni yako, na taarifa za mafunzo ni zako kuzipeleka. Siku ukipata kazi nyumbani, huruhusiwi kufanya uhandisi bila usajili hai, hata uwe na leseni ya Texas ukutani. Likizo hii tenga asubuhi moja, beba vyeti vyako vya nje pamoja na nakala, nenda Bodi uulize kumbukumbu zako zinasomaje na unadaiwa nini. Kisha andika jina la aliyekuhudumia.