Mkono wa droni ukivunjika, tafuta mwavuli mbovu

Droni yangu ndogo ilivunjika mkono mara mbili palepale, karibu na mota. Gundi peke yake haikumaliza wiki. Spoku ya baiskeli nayo nzito mno. Sasa natumia waya wa mwavuli, ule wenye mfereji.

Kata sentimita 6, piga msasa waya na plastiki, kisha ulaze chini ya mkono uvuke ufa pande zote mbili. Zungushia uzi wa pamba, ukibana, mara kama 15, ndipo udondoshee supa gluu. Usiushike! Pamba ikilowa gundi hiyo hupata moto ghafla. Kidole changu shahidi. Angalia nyaya za mota zisibanwe.

Mkono wa upande wa pili ufunge vivyo hivyo, uzito ulingane.