Hatifungani za uchaguzi za India: jinsi ya kujua nani alitoa na chama gani kilipokea

Mwongozo huu ni wa mwanahabari, mwanafunzi wa Malimbe au mwanakikundi yeyote wa Mwanza mwenye kompyuta, bando na jioni mbili za utulivu. India tumeichagua kwa sababu huko mahakama iliilazimisha benki kutoa kumbukumbu za michango ya vyama mstari kwa mstari, na aliyeko Nyegezi anazipakua bure kama aliyeko Delhi.

Kwanza ujue umeshika nini. Hatifungani hizi zilianza kuuzwa 2018 na State Bank of India peke yake, kwa thamani tano: rupia 1,000, 10,000, 100,000, milioni 1 na milioni 10. Kampuni au mtu binafsi alinunua, akakipa chama, nacho kikawa na siku 15 za kuziingiza kwenye akaunti. Jina la mtoaji halikutangazwa. Februari 15, 2024 majaji watano wa Mahakama ya Juu waliufuta mpango huo kwa kuwa ulimnyima mpiga kura haki ya kupata taarifa, wakaiamuru benki ikabidhi data za kuanzia Aprili 12, 2019.

Pakua faili sahihi. Tume ya Uchaguzi ya India iliweka data hizo kwenye tovuti yake mara mbili, na wengi hupotelea hapo. Faili za Machi 14, 2024 zina orodha ya wanunuzi na orodha ya vyama, bila namba za hatifungani. Ni kama kupewa daftari la waliouza dagaa Mwaloni Kirumba na daftari la walionunua, huku magunia hayana alama: yote mawili ni ya kweli, na bado hujui gunia la nani limekwenda kwa nani. Mahakama iliibana tena benki, na Machi 21 zikatoka faili zenye namba. Chukua hizo. Usizipeleke steshenari kuchapwa. Ni mamia ya kurasa, na kwenye karatasi hazikusaidii kitu.

Hamishia kwenye jedwali. Programu ya Tabula, inayotoa majedwali kwenye faili za PDF, ni ya bure na ikishawekwa hufanya kazi bila intaneti. Ukimaliza, hesabu mistari. Orodha ya wanunuzi iwe na 18,871 na ya vyama 20,421. Ikipungua, kuna kurasa zimerukwa. Ikizidi, aghlabu ni vichwa vya jedwali vilivyojirudia kila ukurasa. Usisonge mbele kabla hesabu haijakaa sawa.

Kisha safisha tarakimu. Wahindi huandika milioni kumi hivi: 1,00,00,000. Kompyuta iliyozoea mikato ya tatu-tatu huweza kuiona kama maandishi tu, na ukijumlisha unapata sifuri. Futa mikato yote. Laki yao ni laki yetu. "Crore", utakayoikuta kila mahali, ni milioni 10.

Unganisha orodha mbili. Kazi yenyewe iko hapa. Kila hatifungani ina herufi za mwanzo na namba. OC ni ya rupia milioni 10, TL ya milioni 1, na kadhalika. Namba hujirudia kutoka thamani moja hadi nyingine, kwa hiyo ukiunganisha kwa namba peke yake utakipa chama pesa isiyo yake. Tengeneza safu mpya katika majedwali yote mawili, mfano =TRIM(A2)&TRIM(B2), herufi na namba zikae pamoja bila nafasi. Halafu tumia VLOOKUP kulileta jina la mnunuzi kwenye jedwali la vyama, na mwishoni weka FALSE. Usipoweka, fomula itakuletea jina linalokaribia, na hutajua.

Zaidi ya mistari 1,500 itakosa mnunuzi. Si kosa lako. Hizo zilinunuliwa kabla ya Aprili 12, 2019 na vyama vikaziingiza benki baada ya tarehe hiyo. Kwa kuwa muda ni siku 15, zote zinapaswa kuwa za Aprili 2019. Ukikuta mstari wa 2022 hauna mnunuzi, rudi kwenye safu yako: kuna nafasi au sifuri imejipenyeza.

Jumlisha majina kwa tahadhari. Kampuni moja huandikwa kwa namna mbili tatu. Pima kazi yako kwa mnunuzi mkubwa kuliko wote, Future Gaming and Hotel Services: ukipata karibu rupia bilioni 13.68, uko sawa. Kwa BJP, chama kinachotawala India, utarajie karibu bilioni 60.6. Usiseme "tangu mpango uanze", maana mwaka mzima wa mwanzo haumo humu.

Kishawishi kikubwa ni kuweka tarehe ya ununuzi kando ya tarehe ya zabuni au ya msako wa kodi, kisha kuandika "rushwa". Andika tarehe, kiasi na chama, basi. Agosti 2, 2024 Mahakama hiyohiyo ilikataa ombi la kuunda kikosi maalumu cha kuchunguza miamala hii.

Kwa miaka ya baada ya hapo, tafuta ripoti za mwaka za vyama, Fomu 24A, zinazotaja michango inayozidi rupia 20,000, pamoja na ripoti za mifuko ya uchaguzi, ambayo hukusanya pesa za kampuni na kuzigawa kwa vyama. Chini ya 20,000 hakuna jina, na mwenye kutaka kujificha hugawa mchango wake vipande vipande.

Ukitaka kujaribu mbinu hii nyumbani Tanzania, anza na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 na andika barua kwa Msajili wa Vyama vya Siasa ukitumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Usiombe "taarifa za fedha za chama" kwa ujumla, utaletewa jumla. Omba tarehe, kiasi, jina la mtoaji na namba ya stakabadhi kwa kila mchango, na ubaki na nakala ya barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.