Jinsi ya Kusomea Uyahudi Chuoni Ukiwa Nakuru, Kisumu au Magharibi mwa Kenya

Mwanafunzi anayetaka kusomea dini, historia na utamaduni wa Wayahudi katika vyuo vikuu vya huku asitarajie kukuta shahada yenye jina hilo katika orodha ya KUCCPS, huduma inayowapangia wanafunzi nafasi vyuoni Kenya. Njia iliyopo ni kuingia kupitia idara za dini na historia, kama zile za Egerton kule Njoro, Maseno au Moi, kisha kuuelekeza Uyahudini kila mgawo unaokuachia uhuru wa kuchagua mada. Kabla ya kujaza chaguo zako, omba idara ikuonyeshe maelezo ya kozi za miaka yote minne, utazame kama kuna kozi za Agano la Kale, dini linganishi na historia ya Mashariki ya Kati.

Kazi ya kwanza, na kwa maoni yangu ndiyo ngumu kuliko zote, ni kuiweka pembeni picha uliyotoka nayo katika somo la CRE, yaani elimu ya dini ya Kikristo shuleni. Somo hilo hukufikisha kwa Abrahamu, Musa, Daudi, Eliya na Nehemia, kisha likahamia kwa Yesu, kana kwamba Wayahudi walikoma hapo. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya dini yao kama inavyofuatwa leo ilijengwa na marabi, walimu wa dini na sheria yao, baada ya Warumi kubomoa Hekalu la Yerusalemu mwaka 70: Mishna, mkusanyo wa sheria za mapokeo ya mdomo, ilikusanywa karibu mwaka 200, Talmudi, mijadala ya marabi juu yake, ikafuata, na karne nyingi baadaye mwanazuoni Maimonides (1138–1204) akaipanga sheria yote upya. Hata Biblia yao, Tanakh, ambayo vitabu vyake ni vilevile vya Agano la Kale la Waprotestanti, imepangwa kwa namna nyingine na huishia na Mambo ya Nyakati, si Malaki.

Maandishi hayo hayahitaji maktaba kubwa, kwa kuwa tovuti ya Sefaria huyatoa bure kwa Kiebrania, na mengi yana tafsiri ya Kiingereza. Anza na herufi 22 za Kiebrania mapema. Aliyepitia madrasa hatashangazwa na kusoma kutoka kulia kwenda kushoto.

Tasnifu ya mwaka wa mwisho ndiyo nafasi yako bora, na huku mada zimejaa. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza, kupitia waziri wa makoloni Joseph Chamberlain, ilimpa Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni (vuguvugu la kutafuta makao ya taifa kwa Wayahudi), pendekezo la makao ya Wayahudi katika uwanda wa Uasin Gishu, ulipo mji wa Eldoret leo. Pendekezo hilo huitwa Mpango wa Uganda, ila jina lisikupotoshe: ardhi hiyo iko Kenya. Watu watatu walitumwa kuikagua, na kongamano la Wazayuni likaukataa mpango mwaka 1905. Swali ambalo mwanafunzi wa huku angeweza kulichimba vizuri ni lile la wenyeji na wafugaji wa uwanda huo, ambao hawakuulizwa lolote. Karibu zaidi na Nakuru, Gilgil ilikuwa na kambi ambamo Waingereza waliwafungia wafungwa wa Kiyahudi waliohamishwa kutoka Palestina, hadi waliporudishwa mwezi Julai 1948. Ng'ambo ya mpaka, Mbale nchini Uganda, wako Abayudaya, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919 na ambayo ingali inaabudu Kiyahudi. Kanisa la African Israel Nineveh la Vihiga, lililoanzishwa mwaka 1942, ni la Kikristo licha ya jina lake, ingawa linafaa sana kwa tasnifu ya kulinganisha. Kwa nyaraka za enzi ya ukoloni, panga safari ya Nairobi, kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, na uulize idara mapema kama mahojiano yako yatahitaji kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti.

Ukitaka kuona ibada, sinagogi ya Nairobi iko University Way. Andika kuomba ruhusa kabla ya kufika, ukiambatanisha barua ya idara na kitambulisho, kwa sababu masinagogi hulindwa. Sabato huanza Ijumaa jua linapotua na kumalizika Jumamosi nyota zinapotokea. Muda wote huo zima simu, usipige picha wala kuandika chochote, na kama wewe ni mwanamume, funika kichwa. Maelezo yako yaandike Jumamosi usiku, yangali mapya kichwani.