Somo: Kutumia kazi za watu kwenye kozi ya mtandaoni bila kuvunja hakimiliki

Somo hili ni la wakufunzi wa Bagamoyo na kwingineko wanaofundisha kwa Moodle, Google Classroom au kundi la WhatsApp. Kosa linalojirudia linajulikana: kitabu kizima kinaskaniwa steshenari, kinapandishwa kama desa la muhula, kisha utetezi unakuwa "ni kwa elimu tu, hatuuzi". Sheria ya Tanzania ya Hakimiliki na Hakishiriki (haki za wasanii na watayarishaji wa rekodi) ya 1999 haikutoa uhuru mpana hivyo. Kifungu cha 12 kinaruhusu kunukuu, na kutumia kazi iliyochapishwa kihalali kama kielelezo cha kufundishia, kwa kiasi kinachohitajika na lengo, kwa uungwana, na kwa kutaja chanzo na jina la mtunzi. Kitabu kizima si kielelezo.

Ile "asilimia 10" ya kitabu inayosemwa kwamba ni halali kunakili, inayosomwa kwenye kurasa za vyuo vya nje, haimo katika sheria yetu, tuiache huko huko. TEACH Act ya 2002, sheria ya kutumia kazi za watu katika ufundishaji wa mtandaoni, nayo ni ya Marekani na inahusu taasisi za kule. Kwa upande mwingine, Tanzania imo katika Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, kwa hiyo kitabu cha Mwingereza au filamu ya Mhindi inalindwa hapa kama ya Mtanzania, hata kama haijasajiliwa popote.

Hatua ya 1: Je, kuna haja ya kupakia?

Mara nyingi haipo. Kiungo hakitengenezi nakala, na tatizo kubwa la hakimiliki ni nakala. Kwenye Moodle chagua URL badala ya faili. Video ya YouTube iwekee kiungo, au ipachike kwa msimbo unaotolewa na YouTube yenyewe. Kuipakua na kuipandisha upya ni kuvunja masharti yao na pia ni kunakili. Ila tazama nani ameiweka: filamu iliyokatwa vipande na mtu asiyejulikana itaondolewa katikati ya muhula, na wewe utakuwa umewaelekeza wanafunzi kwenye mali ya wizi.

Kwa makala za majarida tumia DOI, namba ya kudumu ya makala inayofanya kazi kama kiungo. Anwani uliyoinakili kutoka kwenye kivinjari baada ya kuingia kupitia maktaba huwa inakufa muda wako wa kuingia ukiisha, ndipo wanafunzi wanalalamika kwamba "haifunguki" na mwalimu anashawishika kupandisha PDF. Na nywila ya chuo ya Research4Life, huduma inayovipa vyuo majarida ya kitaaluma, haipelekwi WhatsApp; mkataba wa matumizi ni wa chuo, si wa kila atakayeipata.

Hatua ya 2: Je, inalindwa?

Sheria za nchi na hukumu za mahakama hazina hakimiliki. Pandisha bila hofu. Kazi za fasihi zinalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Shaaban Robert wa Tanga alifariki 1962, hivyo kwa kazi zilizotoka akiwa hai miaka hiyo ilitimia 2012. Tahadhari: dibaji, michoro na maelezo ya mhariri katika toleo jipya vina wenyewe. Piga chapa shairi lenyewe, usiskani kurasa za toleo la juzi. Kama una wanafunzi walio nchi zenye kipindi cha miaka 70, huko hesabu ni nyingine.

Hatua ya 3: Tafuta yenye leseni huria

Leseni za Creative Commons (CC), ambazo mwenye kazi huzitoa ili itumike bure kwa masharti, zisomwe herufi kwa herufi. BY: taja mtunzi. NC: si kwa biashara. SA: ukiibadilisha, toa kwa leseni ileile. ND: usisambaze iliyobadilishwa. Hii ya mwisho ndiyo inayotunasa sisi, kwa sababu tafsiri ni mabadiliko. Mchoro wa ND ukiufutia maneno ya Kiingereza na kuuandika kwa Kiswahili, huruhusiwi kuusambaza, hata kwa nia njema kiasi gani.

Vitabu vya OpenStax, vitabu vya kiada vya bure mtandaoni, vinafaa sana vyuoni, na vingi ni CC BY. Vile vya kalkulasi vina NC na SA, kwa hiyo fungua ukurasa wa leseni wa kila kitabu. Kwa historia ya pwani, hifadhi ya nyaraka ya Ujerumani, Bundesarchiv, iliweka picha zake nyingi Wikimedia Commons, ghala la mtandaoni la picha huria, mwaka 2008 kwa CC BY-SA 3.0 ya Ujerumani.

Chini ya picha andika vitu vinne: jina la kazi, mtunzi, kiungo cha chanzo, leseni na toleo lake. Chini ya picha hiyohiyo, si kwenye slaidi ya mwisho. Wanafunzi hutumiana slaidi mojamoja. Moodle inapopokea faili huonyesha nafasi za mwandishi na leseni, ambazo wengi wetu tunazipita. Zijaze.

Hatua ya 4: Kata kipande unachokifundisha

Kama hakuna njia nyingine, chukua kile tu utakachokijadili. Kila aya iulize: naifanyia nini? Isiyo na jibu iondoke. Iweke ndani ya kozi yenye nywila, waione waliosajiliwa tu, na ifungwe muhula ukiisha. Kufuli hizo hazihalalishi kitabu kizima. Zinasaidia tu kuonyesha kwamba matumizi yalikuwa ya kiungwana. Vitabu vya mazoezi usiviguse: kunakili zoezi ni kuchukua kitu kilekile ambacho mwenyewe anakiuza.

Hatua ya 5: Omba ruhusa

Taja kurasa au dakika, idadi ya wanafunzi, jukwaa, muda, kama kozi inalipiwa, na kama utairudia miaka ijayo. Mwandikie mchapishaji, kwa muziki wa nyumbani anzia COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Omba kabla ratiba haijatoka. Ukimya si ruhusa.

MASWALI YA WAKUFUNZI

*Nafundisha ngoma za asili. Ngoma haina mtunzi, kwa nini nisiweke rekodi?*

Mwalimu, ngoma na rekodi ni vitu viwili. Ngoma ni ya jamii. Taja jamii hiyo na mahali ilikotoka. Rekodi ina wasanii waliocheza na mtayarishaji aliyerekodi, na hao ndio wenye hakishiriki. Njia nyepesi: rekodi kikundi mwenyewe, wasaini kwamba itatumika kufundishia mtandaoni.

*Viungo vinamaliza bando la wanafunzi. Tufanyeje?*

Wape dakika kamili. Mwisho wa kiungo cha YouTube chenye alama ya kuuliza ongeza &t=250s, video itaanza 4:10; waandikie waishie 6:30. Hawatatazama dakika 40 kutafuta mbili. Yenye CC BY, ukiipata mahali panaporuhusu kupakua, ipunguze ubora na uitume hata WhatsApp, pamoja na vile vitu vinne.

*Shikamoo mkufunzi. Kitabu nimekinunua kwa pesa yangu, bado siruhusiwi?*

Marahaba. Umenunua nakala, si haki ya kunakili. Kiweke maktaba, wanafunzi wakiazime kwa saa chache chache.

*Vipi video za mitihani ya maonyesho ya wanafunzi waliopita?*

Mwanafunzi ni msanii kama wengine. Upate idhini yake ya maandishi, na kama igizo si lake, ya mwandishi pia. Sura na sauti zao zinaguswa vilevile na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

*Nimeshaweka vitabu vizima. Nikivificha inatosha?*

Hapana, vifute, na mahali pake uweke rejeo: jina la kitabu na namba za kurasa. Kisha kagua kozi za miaka ya nyuma, kwa sababu kozi mpya ikinakiliwa kutoka ya zamani, Moodle inabeba na mafaili yaliyofichwa.