Jinsi ya kuitambua tishu ya mwili wa binadamu chini ya hadubini kwa kufuata viini badala ya rangi

Mwezi uliopita binti wa kaka yangu, ambaye anasomea stashahada ya maabara hapa Mwanza, alikuja nyumbani Nyegezi akiwa na daftari lililojaa majina ya tishu na mtihani wa vitendo uliobakiza siku tisa. Majina yote alikuwa ameyakariri, na alipoulizwa kazi ya kila tishu alijibu bila kusita. Nilipomwekea slaidi ya kwanza kwenye hadubini yangu ya zamani, ile inayokusanya mwanga kwa kioo na ambayo haijali umeme ukikatika, alitazama kwa muda mrefu kisha akauliza, "Shangazi, mbona kila kitu ni pinki?"

Swali lake lilikuwa la msingi kabisa, na mwongozo huu umetokana nalo. Rangi mbili tunazotumia kila siku katika maabara ya tishu ni hematoksilini, inayovipa viini vya seli rangi ya bluu ya zambarau, na eosini, inayovipa karibu vitu vingine vyote rangi ya pinki. Misuli huwa pinki, kano huwa pinki, na neva nayo huwa pinki, kwa hiyo anayeitegemea rangi atakwama mapema. Anayetaka kuitambua tishu anapaswa kujiuliza maswali mawili tu: viini vimekaa wapi, na kati ya seli moja na nyingine kuna nini?

Hatua ya kwanza: chagua slaidi ya utumbo mwembamba

Walimu wengi huanza na ngozi. Mimi huanza na utumbo mwembamba uliokatwa kwa upana, kwa sababu aina zote nne za tishu, yaani epithelia, unganishi, misuli na neva, zimo ndani ya kipande kimoja, na mwanafunzi anaweza kuzilinganisha bila kubadilisha slaidi. Anza na lenzi ya 4, yaani inayokuza mara nne, na uizungukie slaidi yote kutoka ukingo hadi ukingo kabla ya kugusa lenzi ya 10. Lenzi ya 40 isubiri, kwani anayeikimbilia huona seli ishirini asijue ziko sehemu gani ya mwili.

Hatua ya pili: tafuta ukingo

Tishu ya epithelia, yaani ile inayofunika na kutandika, hukaa mahali ambapo mwili unakutana na nafasi tupu: juu ya ngozi, ndani ya utumbo, ndani ya mirija ya tezi na ndani ya mishipa ya damu. Seli zake zimebanana, haina mishipa ya damu ndani yake, na chakula chake hupenya kutoka tishu iliyo chini kupitia utando mwembamba wa msingi. Ukishaufikia ukingo, hesabu tabaka za seli, kisha tazama umbo la seli za tabaka la juu kabisa, maana hilo ndilo linaloipa tishu jina lake.

Katika utumbo mwembamba utaona tabaka moja la seli ndefu kama nguzo, viini vyake vikiwa vimepangwa upande wa chini, na hapa na pale seli yenye tone jeupe la ute. Umbo hilo linalingana na kazi: seli ndefu ina nafasi ya kutosha kwa mitambo ya kufyonza chakula, na ute hulainisha njia. Vifuko vya hewa vya mapafu vina tabaka moja la seli bapa mno, kwa kuwa oksijeni inatakiwa kupita upesi, ilhali umio una tabaka nyingi za seli bapa zinazochubuka na kubadilishwa kila mara, kwa kuwa kila tonge linalomezwa linausugua.

Kibofu cha mkojo kinahitaji tahadhari ya pekee katika mkoa wetu. Kwa kawaida kimetandikwa seli zinazoweza kutanuka, zile za juu zikiwa nene na zenye mgongo wa mviringo kama mwavuli, nyingine zikiwa na viini viwili. Kwa mtu aliyeishi na kichocho cha mkojo kwa miaka mingi, mayai yaliyonasa ukutani mwa kibofu huwasha tishu bila kukoma, na epithelia hiyo inaweza kugeuka kuwa ya seli bapa kama za umio. Mabadiliko hayo huongeza hatari ya saratani, kwa hiyo ukiona seli bapa mahali pa seli za mwavuli usiandike kwamba slaidi imechanganywa. Itazame tena, na utafute yai lenye mwiba nchani.

Hatua ya tatu: tazama kilicho kati ya seli

Shuka chini ya epithelia. Utaona seli zimeachana, na nafasi kati yake imejaa nyuzi, mishipa midogo ya damu na seli za kinga. Hiyo ndiyo tishu unganishi, na alama yake kuu ni kwamba kilicho nje ya seli ni kingi kuliko seli zenyewe. Kila mkazi wa Mwanza ameishika tishu hii mkononi, hata kama hakujua jina lake: bondo la sangara, lile linalokaushwa likawa gumu na lenye kung'aa, kwa sehemu kubwa ni kolajeni, nyuzi zilezile zinazoishikilia ngozi yetu na kuunda kano zetu.

Familia hii ni pana. Mfupa, ambao nyuzi zake zimeimarishwa kwa madini ya kalisi, umo humo. Gegedu nalo limo, na kwa kuwa halina mishipa ya damu hupona polepole likiumia. Damu pia huhesabiwa humo, kwa sababu seli zake zinaelea ndani ya majimaji. Tishu ya mafuta huwatisha wanaoanza, kwani huonekana kama wavu wa vyumba vitupu. Spiriti na zaileni zinazotumika kuitayarisha slaidi zimeyeyusha mafuta yote, na kilichobaki ni utando wa seli na kiini kilichosukumwa pembeni.

Tishu hii ikizidi mahali isipotakiwa huleta madhara. Kichocho cha tumbo, ambacho ndicho kilichoenea zaidi kwenye mialo ya Ziwa Viktoria, hupeleka mayai kwenye ini, na mwili huyazungushia kolajeni kando ya mishipa inayoingiza damu humo. Damu hukosa njia, shinikizo hupanda, na mgonjwa anaweza kufikia kutapika damu. Ukiona utepe mpana wa pinki ndani ya ini, umeuona mwanzo wa safari hiyo.

Hatua ya nne: tenganisha misuli laini, kolajeni na neva

Hapa ndipo nilipopoteza siku nzima nilipokuwa mwanafunzi. Nilipewa slaidi ya utumbo saa nne asubuhi, na hadi saa kumi alasiri nilikuwa nimeandika kwamba ukuta wake wa nje una tishu mbili tofauti, moja ya mistari mirefu na nyingine ya vidoa vya mviringo. Aliyekuwa akinifundisha aliandika alama ya kosa bila maelezo, na ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba zote mbili zilikuwa tishu ileile.

Ukuta wa utumbo una matabaka mawili ya misuli laini. La ndani huuzunguka utumbo kama pete, na la nje hulala kwa urefu wake. Utumbo ukikatwa kwa upana, wembe huzikata seli za tabaka la ndani kwa urefu, zikaonekana kama mistari, na huzikata zile za nje kwa upana, zikaonekana kama vidoa. Matabaka hayo yakijikaza kwa zamu, chakula husukumwa mbele bila sisi kuamua.

Vidoa hivyo vina siri nyingine. Havilingani ukubwa, na ni vichache tu vyenye kiini katikati. Nilimweleza yule binti wa kaka yangu kwa viazi vitamu, kwa kuwa amekulia Usukumani na amekata michembe, vipande vya viazi vya kukausha, tangu utotoni. "Mwanangu, kiazi ukikikata, vipande vyote vinatoka sawa?" Alicheka, akasema vya katikati ni vipana na vya nchani ni vidogo. Seli ya misuli laini nayo imechongoka pande zote mbili, na kiini chake kimo katikati pekee, kwa hiyo wembe ukipita karibu na ncha hupata kidoa kidogo kisicho na kiini. Tangu hapo hakukosea tena.

Seli zikikatwa kwa urefu, kazi ni ngumu zaidi. Tumia lenzi ya 40 na ufuate kiini kimoja kwa wakati mmoja. Cha misuli laini kimo ndani ya seli, ni kirefu chenye ncha butu, na seli ikiwa imejikaza kiini hujisokota kama skrubu. Cha kolajeni ni chembamba, cheusi, na kimebanwa kati ya nyuzi, si ndani yake, huku nyuzi zenyewe zikiwa angavu kama kioo. Cha neva huenda kwa mawimbi pamoja na nyuzi zake, kati yake kuna vitundu vyeupe vilivyoachwa na mafuta yaliyoyeyuka ya ala inayozifunika nyuzi hizo, na fungu zima limezungushiwa ganda lake. Kolajeni nayo inaweza kuwa na mawimbi, na misuli iliyosinyaa wakati wa kutayarishwa pia, kwa hiyo mawimbi peke yake yasikushawishi. Ganda na vitundu ndivyo ushahidi.

Ukiwa bado na shaka, omba kipande kipakwe rangi tatu za Masson, ambapo kolajeni huwa bluu au kijani na misuli huwa nyekundu. Wengine hupendelea rangi ya Van Gieson kwa kuwa ni ya haraka, lakini hufifia slaidi inapokaa, na slaidi ya kufundishia inatakiwa kudumu.

Hatua ya tano: misuli yenye milia

Badilisha slaidi. Funga kidogo tundu la mwanga lililo chini ya meza ya hadubini, vinginevyo milia haitaonekana. Misuli ya mifupa ina nyuzi ndefu zenye viini vingi vilivyosukumwa ukingoni, nayo hutii amri zetu. Ya moyo ina matawi, kiini kimoja au viwili katikati, na vistari vya kukatisha mahali seli zinapoungana, ambapo ishara ya umeme hupita ili moyo upige kwa pamoja.

Hatua ya sita: seli za neva

Rudi kwenye utumbo na utafute mstari kati ya yale matabaka mawili ya misuli. Utakutana na visiwa vidogo vya seli kubwa, zenye kiini cha mviringo kilichopauka na nukta nyeusi katikati kama mboni ya jicho. Hizo ni seli za neva, na kazi yake hapo ni kuupangia utumbo zamu ya kujikaza.

Hatua ya saba: chora

Chora kwa penseli, na simu ikae mfukoni, kwa sababu picha hailazimishi jicho kuamua kiini kiko ndani au nje ya uzi. Andika jina la tishu, mahali ilipotoka na kazi yake, kisha rudisha lenzi ya 4, futa mafuta kama uliitumia lenzi ya 100, na slaidi uzipange zikiwa zimelala.