Ukitaka kumwona duma akiwinda, mtazame swala kwanza

Kila msimu kuna dereva mpya atakayenifuata pale geti la Naabi la kuingilia Serengeti, tukisubiri vibali, aniulize: "Mzee, hivi duma wewe unawatoa wapi?" Huwa namwambia kwamba mimi simtafuti duma. Natafuta swala tomi wanaotazama upande mmoja.

Swala tomi ndiye chakula kikuu cha duma wa Serengeti, na anamjua adui yake kuliko sisi. Kundi likiwa na amani, kila mmoja anakula kivyake na vimkia havitulii. Wakimwona duma, vichwa vyote vinainuka na kuelekea mahali pamoja, na baadhi yao, badala ya kukimbia, wanamsogelea na kumfuata kwa umbali wao ili asiwapotee machoni. Chukua darubini, fuata masikio yanakoelekea, utamkuta. Huyo hapo hatawinda tena, maana ameshaumbuka. Lakini sasa unaye, na kazi iliyobaki ni subira.

Swala wakiwa wametulia, pitia vichuguu kimojakimoja. Duma hupanda juu ya kichuguu kutafuta windo, na kwa mbali ni kama kichuguu kimeota masikio. Mgeni akipiga kelele "chui!", msahihishe kwa upole: chui madoa yake yamejikusanya kama maua, duma ana vidoa vyeusi vilivyojaa, na mistari miwili inayoshuka kutoka machoni hadi mdomoni kama mtu aliyelia wanja ukamwagika.

Kuhusu saa, ondokeni kambini alfajiri, na kifungua kinywa kiwe kwenye boksi. Duma huwinda zaidi mchana, asubuhi hadi kama saa nne, kisha tena kuanzia saa kumi jioni. Usiku wenye mbalamwezi naye hutoka, ila kwa kawaida giza ni la simba na fisi, na duma hana ubavu wa kupigana nao. Kuanzia Desemba hadi Machi mimi hushinda Ndutu na upande wa Gol, nyasi zikiwa fupi. Miezi mingine natembea Seronera na Namiri. Kumbuka ndani ya Serengeti hairuhusiwi kuacha barabara, na mwendo mwisho wake ni kilomita 50 kwa saa. Ndutu iko upande wa Ngorongoro na ina taratibu zake, kwa hiyo uliza kabla hujaingia majanini.

Ukishampata, mtazame tumbo. Likiwa limejaa kama mpira, piga picha uende zako, huyo atalala mpaka jioni. Ubavu ukiwa umebonyea na anainuka kila dakika chache kutazama, kaa hapo hapo. Zima gari. Nasema zima, maana wengine wanaacha injini inanguruma eti wasipoteze nafasi. Waambie wageni wakae chini, wasigonge milango, wasirukeruke kwenye paa.

Sasa sehemu inayowashinda wengi, nami ilinishinda: uegeshe wapi. Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa na wageni wawili wenye kamera kubwa, na mama duma mwenye watoto watatu alikuwa ananyemelea swala mmoja aliyejitenga. Mgeni akataka kumpiga picha kwa mbele. Nikawasha gari, nikazunguka, nikasimama kati ya duma na swala. Swala akainua kichwa kututazama sisi, akamwona na duma. Akaondoka akirukaruka miguu minne imekazwa, ile miruko ya kumwambia adui "nimekuona na nguvu ninazo". Mama akakaa chini. Watoto wakatoka majanini wakamzunguka, mbavu zao zinahesabika, wakisubiri kitu ambacho nilikuwa nimewanyang'anya mimi. Wageni walifurahi sana na picha zao. Bakshishi waliyonipa siku ile sikuifurahia.

Tangu hapo kanuni yangu ni hii: chora mstari kichwani kutoka duma hadi windo, kisha kaa pembeni ya mstari huo, mbali, upande ambao mbio haziwezi kuelekea. Usikae nyuma ya swala ukadhani unamsaidia duma. Akianza kusogea wewe usisogee. Utaona anatembea kichwa kikiwa sawa na mabega. Swala akiinamisha kichwa kula, anapiga hatua. Swala akiinua, anaganda hata kama mguu mmoja uko hewani. Februari moja kule Ndutu nilihesabu dakika arobaini za mchezo huo, mguu hewani, mguu chini, mpaka mgeni mmoja akasinzia.

Kisha likaja tendo lenyewe, na kama ungepiga chafya ungelikosa. Duma waliofungwa kola za utafiti shingoni kule Botswana walipimwa mwendo hadi kilomita 93 kwa saa, lakini mbio zenyewe ni mita mia mbili, mia tatu, chini ya dakika. Siri yake iko kwenye kona. Kucha zake hazizami zote ndani kama za paka, zinashika ardhi kama njumu za viatu vya mpira, na mkia unarushwa huku na huku kama usukani. Yule wa Ndutu alikata kona mbili pamoja na swala, ya tatu akanyoosha mkono na kumpiga ngwala. Kuna ukucha mmoja mkali upande wa ndani wa mguu wa mbele, huo ndio unaokamata. Vumbi likainuka. Lilipotulia alikuwa amebana koo, ametulia, kifua kinapanda na kushuka kama mvukuto.

Usikimbilie kuwasha gari hapo. Meno yake ni madogo, hubana koo dakika kadhaa, kisha anabaki akihema kabla ya kula, na muda wote huo anageuza kichwa kumtafuta fisi. Akija fisi hata mmoja, mara nyingi anamwachia nyama na kuondoka, kwa sababu akiumia mguu hana maisha. Nimeona fisi wakija moja kwa moja palipo na magari mengi. Kama yapo matano tayari, wewe wa sita subiri mbali.

Mama mwenye watoto ndiye wa kuogopea zaidi. Utafiti wa miaka ya nyuma kwenye tambarare za Serengeti ulikuta watoto wengi mno, kama 95 kwa kila 100, hawafiki umri wa kujitegemea, na simba ndiye muuaji mkubwa. Na sisi tumo. Kule Maasai Mara, utafiti wa Femke Broekhuis wa mwaka 2018 ulikuta kwamba penye watalii wengi mama analea kwa wastani mtoto 0.2 kwa uzao mmoja, na penye watalii wachache 2.3. Kwa hiyo ukiona vitoto vyenye manyoya marefu ya kijivu mgongoni, vile ambavyo watu husema vinafanana na nyegere, usivizingire. Mama akiita kwa kile kisauti chembamba kama cha ndege, ujue anavikusanya. Mwachie njia.

Na redio. Najua wenzako watakuuliza "uko wapi, una nini", na kesho utawahitaji wakutajie chui wao. Wajibu, lakini baadaye. Mimi nyama ikishaisha, watoto wakianza kulambana damu usoni, ndipo nashika kipaza sauti.